Mlio wa Kwanza

King'ora cha msikiti wa Jomvu Kuu kilikuwa na mkono wa chuma, na kwa miaka mingi mkono ule ulizungushwa na mtu mmoja tu, Rama. Kilikuwa masalio ya vita vya Wazungu, kimetoka bandarini. Nani alikitoa na kwa njia gani, watu wa Jomvu hawakutaka kulichimba sana jambo hilo. Kila Ramadhani jua likizama Rama alikwea darini, akazungusha, nacho kikaanza kunguruma chini kwa chini, kikapanda taratibu mpaka kikaufikia mlio wake mrefu, na mji mzima ukatia tende mdomoni. Adhana ilifuata, ila hakuna aliyeingoja. Mkono ule ulipokatika na fundi akashindwa kuuunga, Rama alinuna mwezi mzima. Mkewe, Mastura, alimtania kwamba amefiwa na mke wa pili, naye hakucheka.

Basi kampuni ilipokuja kutaka bwawa, Rama aliona Mungu amemkumbuka.

Bwawa lenyewe, Bwawa la Ziyani, lilikuwa juu ya bonde nyuma ya mji. Mkoloni alilijenga apate maji ya kunywesha garimoshi zake za mvuke. Garimoshi za mvuke zikaisha, mkoloni akaenda zake, bwawa likabaki la vyura. Lango lake lilikuwa bovu, likivuja mchana na usiku, na ubovu ule ndio uliowalisha watu. Maji yaliteremka kidogo kidogo bondeni, na kandokando yake watu wakalima mabamia, mchicha, biringani na mpunga wa kutosha nyumba, vingine vikapakiwa mkokoteni hadi soko la Kongowea. Hakuna aliyemshukuru mtu kwa lango bovu, lakini lilipotengenezwa wote waliligundua.

Serikali ilisema yenyewe haina fedha za mitambo. Itabaki na bwawa lake, na kampuni ya watu binafsi italeta mashine, itatoa umeme na kuuza kwa miaka ishirini, kisha itaondoka na kuacha kila kitu. Neno lililotumika barazani lilikuwa ubia. Lilitamkwa mara nyingi siku ile, na kila lilipotamkwa watu walipigiwa mfano wa taa: taa jikoni, taa madrasa, taa njiani. Nani angekataa taa? Jomvu ilikuwa ikizitazama taa za Changamwe ng'ambo tangu Uhuru, na kuzitazama tu hakukumwangazia mtu nyumba.

Aliyeleta maneno ya kampuni alikuwa binti wa bara, jina lake Nyambura, mwenye adabu na kicheko chepesi. Alisimama mbele ya watu na leso begani, maana mtu mwema alimwambia ajitande, akaeleza bila kuficha.

"Mchana tutayakusanya maji," alisema. "Jioni, watu wakianza kuwasha taa huko mjini na kwa mahoteli, tutayafungulia yazungushe mashine. Kwa hivyo jioni mto utakuwa unajaa kwa ghafla. Ndiyo sababu tutaweka king'ora cha kuwaonya wazazi wetu walio bondeni."

Rama akainuka. Alikuwa mtu mrefu mwenye mikono mirefu zaidi, na akisema alipenda kuinyoosha.

"Mwanangu, king'ora sisi tunacho," alisema. "Kipo darini, kimefunikwa kama maiti. Wallahi mkitafuta dunia nzima hamtapata chenye sauti kama ile. Nyinyi kitieni moto wa umeme, kitungikeni huko juu bwawani, kiwafanyie kazi yenu ya maji. Na Ramadhani ikiingia, kitufanyie na sisi kazi yetu ya futari. Huo ndio ubia!"

Watu walicheka, wakapiga makofi. Ngala, afisa wa serikali aliyekuwa akilitunza bwawa, akauliza watu watatofautishaje. Rama alikuwa na jibu tayari. Mlio mmoja mrefu usiokatika, hiyo ni futari. Mlio ukikatika, ukarudi, ukakatika tena, mara tatu, hayo ni maji. Mtoto wa chuo cha Kurani angeweza kushika. Wakapeana mikono, na Mastura, aliyekuwa kwenye mkeka wa wanawake, aliona fahari juu ya mumewe mpaka akajifunika uso. Hilo lisemwe wazi, maana baadaye walitokea wengi waliodai kwamba wao hawakufurahi siku ile.

Mashine zikafungwa. Mvua za Elnino zikaja, zikalijaza bwawa hadi ukingoni, na wiki chache kabla ya mfungo mitambo ikawashwa. Nyaya za umeme zilipita juu ya mapaa ya Jomvu zikaenda zao kuungana na laini kubwa, wala hazikutua hata kwenye nyumba moja. Watu walipouliza, waliambiwa wasubiri awamu ya pili. Kilichopata umeme ni king'ora.

Sasa, pale katikati ya mto palikuwa na mwamba bapa, na mwamba ule ulikuwa na desturi yake. Mashamba mengi yalikuwa ng'ambo, na mwezi wa Ramadhani wakulima walizoea kuchelewa, kwa kuwa kiu huleta uzito wa miguu. Kwa hivyo kila nyumba ilikuwa na zamu ya kupeleka tende na mtungi wa maji, vikaachwa mwambani chini ya kawa, ili aliyekutwa na magharibi njiani asikose cha kufungulia kinywa. Futari ya mwambani, ndivyo walivyoiita. Wazee walisema ina thawabu kuliko ya nyumbani. Tangu mkono wa king'ora ukatike na kazi ya darini ikamwishia, Rama hakuikosa. Hata alipomaliza kazi mapema alikuwa akijizungusha shambani, akigusa hiki na kile, ilimradi magharibi imkute pale juu ya jiwe na rafiki yake Mwarandu akimsubiri ukingoni. Mwarandu alikuwa Mrabai, Mkristo, shamba lake limepakana na la Rama, na kila mwaka alikula zile tende kwa furaha ya mtu asiyefunga.

Mastura aliliona jambo lile siku ya pili ya mfungo, akiwa anakuna nazi. King'ora cha maji kililia, ukapita muda mdogo, kikalia cha futari. Mkono ukasimama juu ya mbuzi. Mjini walikuwa wakiwasha taa saa ile ile ambayo Jomvu walikuwa wakisubiri kufuturu. Milio miwili ilikuwa ikikaribiana mno, na baina yake palikuwa na ule mwamba, na juu ya mwamba palikuwa na mumewe. Akaogopa. Tangu jioni ile hofu ile haikumtoka hata alipolala.

"Babake Mwanarehema," alimwambia alipoingia, "mwaka huu usifuturu mwambani. Njoo ule nyumbani."

"Kwani kuna nini?"

"Maji."

Rama alinawa mikono polepole. "Mastura, milio ile nimeipanga mimi. King'ora kile nimekizungusha tangu sijaota ndevu. Leo kije kinidanganye mimi?"

"Sikusema kitakudanganya. Nasema naogopa."

"Maji yakipigiwa, nitatoka. Nina miguu."

"Niapie."

"Haya, wallahi nikisikia maji sitakaa pale." Akamtazama, akaona bado uso haujakunjuka, akamtania. "Au wamuonea wivu mke mwenzio?"

Mastura hakutosheka. Kesho yake alivaa buibui akapanda njia ya bwawani mchana wa jua kali, ulimi umemkauka. Ofisi ilikuwa jengo moja lenye milango miwili. Kwenye mlango wa kwanza alimkuta Ngala, akamweleza kwamba anachoomba ni kitu kidogo: mwezi huu mmoja tu, maji yacheleweshwe mpaka watu wamalize kufuturu.

"Mama, unayosema ni kweli tupu," alisema Ngala, na alionekana kumaanisha. "Lakini hapa mimi naangalia ukuta. Ukuta usipasuke, hiyo ndiyo kazi yangu. Saa za kufungulia maji ni za kampuni. Uliza mlango wa pili."

Mlango wa pili Nyambura alimwamkia shikamoo, akamvutia kiti, akajuta kwamba hawezi kumpa hata maji kwa kuwa amefunga. Akasikiliza hadi mwisho.

"Mama, mashine ndiyo yetu, lakini lango ni la serikali, hatuwezi kubadilisha vile linafunguliwa bila wao. Na umeme unaitishwa jioni. Tukichelewa, kampuni inatozwa faini."

"Basi badilisheni king'ora. Cha maji kipigwe kengele, kipigwe debe, chochote."

Nyambura akainamisha macho. "King'ora nacho si ni mali ya msikiti? Hicho ndicho mchango wenu kwenye ubia. Mkiamua nyinyi wenyewe kibadilishwe, mimi nitapeleka maneno."

Mastura alitoka akasimama baina ya ile milango miwili. Bwawa lilikuwa la serikali, mashine za kampuni, jioni ya watu wa mjini, na king'ora kilikuwa chake yeye na jirani zake. Hasira ilimpanda, lakini amkasirikie nani? Wote wawili walikuwa wamemsikiliza vizuri. Akateremka na jua lile lile. Msikitini imamu alisema ataliweka mbele ya wazee baada ya Idi, na kwamba ingekuwa heri futari ya mwambani isimamishwe mwaka huu. Kila mtu alikubali ingekuwa heri. Hakuna nyumba iliyotaka kuwa ya kwanza kuacha zamu.

Zamu ya nyumba ya Rama ilifika kumi la pili la mfungo.

Mastura alizitayarisha tende baada ya alasiri, tende nzuri za kopo alizoletewa na bintiye Mwanarehema kutoka Likoni alikoolewa. Alipofika mtoni maji yalikuwa machache, yamezuiwa huko juu, hata kanga hazikulowa pindo. Aliweka mtungi juu ya mwamba. Sahani ya tende akabaki nayo mkononi. Alijua anachokijua: Rama asipokuta tende, hataketi, atanung'unika, atakuja nyumbani. Alikuwa amekwisha geuka arudi nazo chini ya buibui pale Mwanamkasi, jirani yake, alipotokeza kwenye ukingo na mzigo wa kuni.

"Leo zamu ni yako, Mastura?" aliita. "Hao wakulima wana bahati. Jana nyumba ya fulani wameweka kokwa tupu, aibu zao."

Mastura alicheka kidogo. Akarudi, akaiweka sahani, akaifunika kawa. Ng'ambo aliiona kofia ya Rama ikipita baina ya mabiringani, akapungiwa mkono mrefu, naye akapunga.

Jioni ile alikuwa akisonga unga wa kaimati, mikono imejaa donge hadi kwenye vifundo. King'ora kikaanza. Kilinguruma, kikapanda. Laiti mikono ingekuwa mitupu labda angeshika kitu, lakini ilikuwa imejaa, kwa hivyo akasikiliza. Kikakatika. Maji, akasema moyoni. Kikalia tena na tena. Akawaza, sasa ametoka, sasa yuko ukingoni na Mwarandu, anacheka. Baadaye kikalia kile kirefu, adhana ikafuata, akafuturu kwa tende moja na maji, akachoma kaimati, akazitia shira. Zilipoa.

Mwarandu ndiye aliyekuja. Alisimama mlangoni bila kubisha, maji yakimchuruzika kutoka kifuani, kiatu kimoja hana.

"Shemeji," alisema. Mastura alijikuta ameshika mwimo wa mlango.

"Sema, Mwarandu."

"Nilikuwa nishavuka. Mimi sifungi, shemeji. King'ora kikilia kabla jua halijatua, kwangu ni maji tu, sina jambo jingine la kukisikilizia. Yeye alikuwa ashaketi mwambani, tende ameishika. Kilipoanza tu, akasema bismillahi, akatia mdomoni. Nikamwita, Rama we! Kikakatika, kikaanza tena, naye akanitazama. Akatazama jua. Jua lingaliko juu ya minazi. Shemeji, mto hakuutazama. Alishika kichwa, akasema, 'Mwarandu, nimekula mchana!' Akaitema ile tende, akainama kusukutua kinywa. Nampigia kelele toka, toka, naye ananinyooshea mkono, ngoja. Anatema, anasukutua. Maji yalipokuja alikuwa angali ameinama."

Walimpata asubuhi chini kwenye mikoko, mahali mto unapoingia kwenye bahari ya Jomvu. Mastura aliingia alipokuwa amekwisha oshwa na kukafiniwa, akaketi kichwani pake, akamwinamia sikioni. Wanawake walidhani anamsomea. Alikuwa akimuuliza kwa nini hakungoja. "Uliniapia," alimwambia. "Milio ni yako. Mimi nilingoja, Rama. Wewe kilikushinda nini?" Walimwondoa taratibu.

Imamu alisema aliyekufa maji ni shahidi, na funga ile haimdai. Maneno hayo yalimfaa Mwanarehema, alilia akatulia. Mama yake hayakumfaa. Alikaa eda chumbani na swali lake lile lile, na kadiri alivyoligeuza ndivyo lilivyokuwa hasira. Usiku na mchana alimgombeza marehemu. Mtu mzima, mwenye ndevu, ashindwe kungoja mlio wa pili?

Kulifanywa baraza. Mwanarehema alihudhuria akaja kumsimulia. Ngala alisema lango lilifunguliwa saa yake. Nyambura alisema, huku akilia, kwamba king'ora kililia mara tatu, kama ilivyokubaliwa. Kisha akainuka bwana mmoja wa kampuni kutoka mjini, mtu wa makamo mwenye sauti ya pole, akawakumbusha watu kwamba milio ile ilipangwa na marehemu mwenyewe, mbele yao wote.

"Watu wakasemaje?" aliuliza Mastura.

"Wangesema nini, mama? Si ndivyo ilivyokuwa."

"Na king'ora?"

"Kitaendelea. Wamesema kikitolewa, pasiwe na onyo kabisa, itakuwa vibaya zaidi. Desturi ya mwambani ndiyo iliyokatazwa."

Mastura alijiona mjinga kwa kuwa alikuwa ametumaini kwamba ingalau mtu mmoja atasema ni kosa lake, na mtu huyo asiwe Rama. Zile tende alizozirudisha mwambani hakuwa amemwambia mtu, na sasa aliona hakuna hata wa kumwambia. Nazo zisingebadili neno lolote la lile baraza. Kila mmoja alikuwa amefanya kazi yake.

Kumi la mwisho likaja. Mwanarehema alipika, yeye akasubiri. Eda haina kazi. Mwanamke anakaa, anavuta uradi, anatazama kivuli cha dirisha kikipanda ukutani, na akifunga, siku ni ndefu mno. Siku hiyo palikuwa na joto la kaskazi, na tangu adhuhuri koo lilikuwa limemshikana. Mbele yake palikuwa na kisahani cha tende na bilauri ya maji, vimewekwa mapema na bintiye kwa huruma. Alivitazama. Hakuwa akimuwaza Rama wakati ule. Hakuwa akiwaza kitu.

King'ora kikanguruma, kikapanda.

Tende ilikuwa tamu. Aliitafuna mara moja, mara mbili, utamu ukamshuka kooni, mwili mzima ukalegea kwa raha, macho yakajifunga yenyewe. Ndipo king'ora kikakatika.

Kikaanza tena. Mastura akafumbua macho, akageuka upesi dirishani. Mwanga wa jua ulikuwa bado ukutani, wa manjano. Moyo ukampasuka kwa fadhaa. "Yarabi, nimekula mchana," alisema, akaitema tende kiganjani, akashika bilauri, akasukutua, akatema, akasukutua tena, akitia kidole nyuma ya meno kuondoa masalio, akiona haya kama mtoto aliyeshikwa jikoni. Kikakatika, kikalia mara ya tatu. Ni hapo tu alipokumbuka kwamba yale yalikuwa maji.

Mwanarehema aliingia mbio kutoka jikoni akamkuta mama yake ameinama, bilauri imemwagika, tende iliyotafunwa imo kiganjani.

"Mama! Una nini?"

Huko bondeni maji yalikwisha anza kuvuma, na mjini taa zilikuwa zikiwaka. Mastura alibaki ameinama vile vile. Swali alilokuwa akimuuliza mumewe tangu siku ile halikuwepo tena, na hasira aliyokuwa ameishikilia ikaenda nalo, na hapakubaki kitu kingine cha kushikilia.

"Alikuwa hawezi kungoja," alimwambia bintiye. "Hakuna ambaye angengoja."